Laini ya Mwelwa

Sikumtukana Goodson. Wanaosema pale sokoni Kashikishi, huku Zambia, kwamba nilimtukana hawajawahi kusikia matusi yangu. Nilimwambia tu kwamba kama angezaliwa samaki hata paka asingemgusa, na hilo si tusi, ni maoni ya mtu anayeuza samaki kwa miaka kumi na miwili.

Goodson ndiye anayekaa nyuma ya kaunta katika duka la Tulande, kampuni ya simu. Ana tai fupi na kalamu tatu mfukoni, zote hazina wino. Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwake, kwa sababu Jumapili, tukiwa bado kanisani, simu yangu ilikufa. Kontrati yangu ya mégas za intaneti, ile ya mwaka mzima, ilikuwa imefika mwisho. Wengine wananunua vifurushi vya siku moja moja na laini zao zinaishi. Sisi wa kontrati, ikiisha bila kufanywa upya, laini yote inafungwa. Hupigi, hupigiwi, hupati hata ujumbe.

Mwaka mwingine ningesema liwalo na liwe. Lakini juma hilo Keren, binti yangu, alikuwa anasubiri namba ya siri. Kuna shirika linalotoa bourse, msaada wa karo, kwa watoto wa wakimbizi wasome uuguzi, na mtihani wake unafanywa kwa kompyuta, Ijumaa saa mbili. Bila namba ya siri mtihani haufunguki, na namba hiyo hutumwa mara moja tu, siku ya Alhamisi, kwa simu iliyoandikwa kwenye fomu. Kwenye fomu tuliandika simu yangu. Tuliwaandikia wabadilishe, wakajibu kwamba fomu zimefungwa. Keren alikuwa amesoma tangu masika katika chumba ambacho hata mbuzi angekilalamikia, na hatima yake ilikuwa ndani ya kile kikadi kidogo kama ukucha.

Kwanza nilijaribu peke yangu. Tulande wanasema unaweza kufanya kontrati upya mwenyewe, kwa programu yao iliyo kwenye simu. Programu haifunguki bila mégas. Mégas hazipatikani bila kufanya kontrati upya. Nikaazima simu ya jirani nipige huduma kwa wateja. Mwanamke mmoja aliyerekodiwa akaniambia kwa lugha nne kwamba mimi ni mteja wa thamani, hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyokuwa yangu, kisha akanipigia muziki mpaka unités za jirani, salio lake lote, zikaisha. Jirani naye hajanisalimia tangu siku hiyo.

Kwa hiyo nilipofika kwa Goodson nilikuwa tayari ninachemka.

"Laini iko ku jina ya nani?" akauliza, macho kwenye kompyuta.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, kwa hiyo nieleze vizuri.

Tulande hawatoi kontrati kwa mtu mwenye kadi ya mkimbizi. Wanataka kitambulisho cha taifa, kile wanachokiita NRC, na mimi ni mtu wa Kilwa ya Congo, ng'ambo ya ziwa, niliyekuja hapa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Miaka minne iliyopita Mwelwa aliniazima jina lake. Mwelwa alikuwa anaanika chisense karibu na mimi, mkeka kwa mkeka. Visamaki vyetu vilikuwa vikichanganyika upepo ukivuma na hatukugombana hata siku moja juu ya kipi cha nani. Kila mwezi wa tano tulikwenda wote wawili kwa Goodson, yeye anatia sahihi, mimi ninalipa, halafu tunakula vitumbua mlangoni. "Mimi njo mwenye internet," alikuwa akisema huku akicheka na mafuta mdomoni, "na sijue hata kuifungua."

Mwelwa alifariki Februari. Sikuwepo. Mwezi huo uvuvi unafungwa upande wa Zambia, na sisi wachuuzi tunavuka kwenda kutafuta samaki Congo. Nilikuwa Kilwa kwa siku tisa na simu yangu ilikuwa imezimwa, kwa sababu zangu. Niliporudi alikuwa na siku nne ardhini.

Aprili ukoo wake ukafanya mambo yao ya kurithi jina. Huku mtu akifa jina lake haliachwi litangetange. Wanachagua ndugu mmoja, wanamkalisha mkekani, wanampa maji anywe, wanamfunga shanga za marehemu, na tangu hapo yeye ndiye marehemu. Wajukuu wa marehemu wanakuwa wajukuu zake, na watu wanamsalimu kwa jina lile. Sisi wa ng'ambo tunaijua desturi hiyo, hata bibi yangu aliifuata. Lakini mimi nimeokoka, na zaidi ya hapo, waliyemkalisha mkekani alikuwa Bwalya.

Bwalya ni mdogo wake Mwelwa. Anakaa Kabuta, anauza samaki kama sisi, na tangu siku ya kwanza hakunipenda. Nami sikumpenda. Mwelwa alikuwa na kicheko cha kuamsha kijiji. Bwalya akicheka unaangalia kama umefunga mlango. Siku ile nilisimama nje ya ua, mikono kifuani, watu wote wakipiga makofi taratibu na kumsalimu: "Mwelwa, mayo, mulishani." Hata Goodson alikuwepo, maana mama yake na Mwelwa ni ukoo mmoja, na alipiga magoti na suruali yake ya pasi. Zamu yangu ilipofika nilisema, na nilisema kwa sauti: "Mwelwa iko mu kaburi. Weye ni Bwalya."

Bwalya aliniangalia akiwa na shanga za rafiki yangu shingoni. "Na weye," akasema, "ni rafiki asiyezika."

Nikaondoka. Sikumsemesha tena, naye hakunisemesha.

Sasa turudi kaunta. Goodson ameuliza laini iko kwa jina la nani. Mtu mwenye akili angejibu, "Ya Mwelwa," akanyamaza. Lakini mimi nilikuwa ninachemka, na mdomo uliponza kichwa.

"Ya Mwelwa," nikasema. "Unajua muzuri. Alikufaka."

Vidole vyake vikasimama juu ya kompyuta. "Mama Keren, usiseme vile."

"Niseme namna gani? Mutu alikufaka, tulimuzika."

"Mulimuzika?" akauliza Goodson, taratibu.

"Andika unachotaka kuandika! Alikufa, andika alikufa, unipe laini yangu!"

Akaandika. Nakuapia, aliandika polepole, herufi moja moja, akinitazama. Kisha akageuza kompyuta nione. Mstari wa Mwelwa ulikuwa mwekundu.

"Sistimu imefunga laini," akasema. "Mwenye laini amefariki, imeripotiwa na mutumiaji. Ungesema mwenye laini iko Kabuta, ungeenda kumuleta, angetia sahihi, tungemaliza. Weye mwenyewe ulikuwa pale siku tulimupa jina."

"Yule ni Bwalya."

"Ku sistimu sasa haiko Bwalya, haiko Mwelwa. Iko maiti." Akafungua droo akatoa fomu mbili. Ya kwanza ni ya mwakilishi wa familia, pamoja na barua ya mkuu wa kijiji yenye muhuri. Ya pili ni ya kufuta ripoti. "Na hii ya pili inajazwa na ule mutu aliripoti. Hapa hapa, mbele yangu."

Hapo ndipo niliposema yale maneno ya paka.

Nilirudi nyumbani nikiwachukia wote. Nilimchukia Goodson, na Tulande na mwanamke wao wa kurekodiwa, na serikali zote mbili za pande zote mbili za ziwa. Keren alikuwa amekaa na daftari magotini. Aliangalia uso wangu akarudi kwenye daftari, na hilo lilinichoma kuliko kama angelia. Nikajiambia, Pierrette, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikajijibu kwamba kuna mivungu mingine ina nyoka.

Jumatano nikachukua baiskeli mpaka Kabuta. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilibeba chupa ya mafuta ya mawese kutoka kwetu, yale mekundu mazuri. Njiani nilipishana na wanaume waliofunga vikapu vya samaki nyuma ya baiskeli zao wakienda bara, kila mmoja ananisalimu, na sikumjibu hata mmoja vizuri.

Bwalya alikuwa anageuza chisense mchangani kwa ufagio wa njiti. Aliniona nikiwa mbali. Aliendelea kufagia mpaka nikasimama mbele yake na kivuli changu kikawa juu ya samaki wake.

"Unanizibia jua," akasema.

Nikasogea. Nikamwekea chupa chini. Hakuiangalia.

"Goodson alinipigia," akasema. "Niko najua. Uliniua mu kompyuta."

"Sikukuua weye. Nilisema Mwelwa..."

"Njo mimi."

Nikamweleza kuhusu Keren, namba ya siri, mtihani, Alhamisi. Nilisema mtoto hana kosa. Nilisema hata marehemu alimpenda Keren, alimfundisha kushona nyavu. Bwalya alikuwa anasikiliza akiokota kisamaki kilichooza, anakitupa, anaokota kingine.

"Batu ya Tulande banasema nini?" akauliza mwishowe.

"Weye ulete barua ya mukubwa wa kijiji. Mimi nijaze fomu ya kusema nilidanganya."

"Ulidanganya?"

Kulikuwa na wanawake wengine pale, mikeka mitatu mbali, na ufagio wa kila mmoja ulikuwa umesimama. Nikafikiria kupiga magoti hapo hapo ili mambo yaishe. Nilianza kukunja mguu.

"Hapana," akasema Bwalya. "Simama. Hapa kuko samaki tu. Utanisalimia kesho, ku Tulande, kwenye uliniua."

Akarudi kufagia. Nilipokuwa nimeshika baiskeli akaniita: "Chupa yako." Nikairudia na kuibeba, mawese yangu yamekataliwa mbele ya Kabuta yote. Njia nzima nilikuwa ninamtukana kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kifaransa changu kidogo cha shule ya msingi, na matusi hayakunitosha.

Alhamisi duka lilikuwa limejaa. Kulikuwa na walimu waliofuata simu zao za mkopo, mama mmoja mwenye mtoto mwenye kikohozi, na wafanyabiashara wawili kutoka Chienge waliokuwa wanagombania chaja. Keren nilimwambia abaki nje, akabaki mlangoni, mahali tulipokuwa tunakula vitumbua. Bwalya alikuja saa tatu. Alikuwa amevaa kitenge cha Mwelwa, kile cha bluu chenye majani. Na shanga. Alikuwa na barua yenye muhuri, ameikunja mara nne.

Goodson aliisoma akatikisa kichwa kwa heshima. "Eya mukwai," akasema. Kisha akanisukumia fomu ya kufuta ripoti na akanikopesha kalamu. Haikuwa na wino. Akanipa ya pili, nayo hivyo hivyo. Mwalimu mmoja akanipa yake.

Bwalya alikuwa amesimama katikati ya duka, mikono imeshikana tumboni, anasubiri. Watu walianza kuelewa kwamba kuna jambo, na wale wa Chienge wakaiacha chaja.

Nilipiga magoti. Sakafu ya Tulande ni ya vigae na ni baridi. Nilipiga makofi taratibu, viganja vikiwa wazi, kama nilivyomwona bibi yangu akifanya nilipokuwa mdogo, na nikasema: "Mwelwa, mayo, mulishani."

Nilidhani nitalisema kwa hasira, nilikuwa nimejiandaa hivyo. Lakini jina lile sikuwa nimelitamka kumwita mtu tangu Januari, na lilipotoka lilikuwa na sauti ya zamani, ile niliyokuwa nikiitumia asubuhi mkekani kumwomba ufagio. Nikachukia hilo pia.

"Bwino, Mama Keren," akajibu. "Andika."

Nikaandika juu ya kaunta, maneno aliyonitajia Goodson: nilikosea, mwenye laini yupo. Nikatia sahihi. Goodson akampiga Bwalya picha kwa kile kikamera chao, akaingiza jina lake la kuzaliwa, na penye nafasi ya jina lingine akaandika Mwelwa. Akabonyeza. Mstari mwekundu ukawa mweupe. Kazi nzima haikuchukua muda wa kumenya muhogo mmoja, na mimi nilikuwa nimemaliza siku nne nimekonda.

"Washa simu," akasema.

Nikawasha. Ilitetemeka mkononi, ujumbe mmoja baada ya mwingine, Tulande wakinipongeza mara tatu kwa kuwa mteja wa thamani. Halafu ukaja ule. Herufi na tarakimu nane. Nikamwinulia Keren simu kwa juu ya vichwa vya watu, akaingia mbio na daftari, akanakili namba huku akiisoma kwa sauti ndogo, akairudia mara mbili. Akambusu Bwalya mkono na kusema "Asante, mama Mwelwa," bila kufikiri, kama vile ni jambo rahisi duniani, akatoka kwenda kusoma.

Nilitaka kumfuata. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta na nilitaka kwenda kuosha magoti yangu.

"Mama Keren," akaita Bwalya.

Nikageuka.

"Sasa mimi ni Mwelwa?"

Fomu ilikuwa bado juu ya kaunta, sahihi yangu bado mbichi. "Ni weye," nikasema.

"Bya kweli?"

"Bya kweli."

"Basi nikuulize." Akasogea karibu mpaka nikaona kwamba shanga moja ya zile imepasuka, ile ile iliyopasuka Mwelwa alipoanguka na kikapu mwaka juzi. "Mwezi wa pili nilikuwa mugonjwa siku tatu. Siku mbili za mwisho nilikupigia ku ile namba, mara kumi na moja. Juu ya nini haukupokea?"

Nilijua ni mara kumi na moja. Tulande walinitumia orodha niliporudi na kuwasha simu: umepigiwa na Mwelwa, umepigiwa na Mwelwa, moja chini ya nyingine. Sikumwambia mtu. Niliifuta nikiwa bado ndani ya mtumbwi.

Ningeweza kumjibu Bwalya kwamba hayamhusu. Nilikuwa na majibu mengi ya Bwalya, nimeyatunza tangu Aprili. Lakini Bwalya hakuwa mbele yangu, nilikuwa nimeandika hivyo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na nimetia sahihi.

"Nilikuwa Kilwa," nikasema. "Nilizima simu."

"Juu ya nini?"

Goodson aliinamisha macho. Yeye aliijua sababu. Ndiye aliyenifundisha, kwenye kaunta hiyo hiyo, kwamba ukivuka ziwa simu inashika mtandao wa upande ule, na kontrati yako inaliwa hata ukiwa umelala. Mama, ukifika ng'ambo uzime, alisema. Nami nilikuwa mtu wa kushika mafundisho.

"Mégas," nikasema. "Ili Bacongo basinikulie mégas."

Mtoto mwenye kikohozi alikohoa. Hakuna aliyecheka, na nilitamani mtu acheke ili nimtukane.

Nilisubiri aniseme. Nilisubiri aniambie Mwelwa alitaka nini mara zote kumi na moja, kwa sababu ndiye aliyemshikia ile simu pale kitandani, na ndiye pekee anayejua. Hakuniambia. Alichukua nakala yake ya kontrati kutoka kwa Goodson, akaikunja mara nne, akaiweka kifuani ndani ya kitenge cha bluu.

"Nimesikia," akasema.

"Unanisamehe?"

"Nimesema nimesikia." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Kontrati ni ya mwaka moja. Mwezi wa tano utakuya tena kunitafuta, tutakuya tena hapa, na nitakuuliza tena."